Kizibo cha soda: shajara ya mafunzo ya wafugaji

Wiki ya 1

Uzinduzi. Viti vilijaa, wageni wakahutubu, na zamu yangu ilipofika jua lilikuwa limeshapanda. Nikafundisha ugonjwa wa kiwele, kupe, minyoo na chanjo ya kuku, vyote kwa mkupuo mmoja, kwa muda wa saa mbili na nusu. Mwisho nikauliza, "Tumeelewana?" Wakajibu kwa sauti moja, "Tumeelewana!" Karatasi ya mahudhurio ikazunguka, sahihi zikajaa pande zote mbili. Kwa mradi, karatasi hiyo ndiyo mavuno.

Wakati nafunga begi nikamwona kijana amesimama pembeni ya mlango tangu mwanzo. Nikamuuliza kama ameandika jina. Akacheka kidogo. "Mimi siyo mfugaji, daktari. Mimi nakamua tu."

Sikumwandika. Naliweka hapa kwa sababu limenikera usiku mzima.

Wiki ya 2

Nimepita mabanda tisa bila kutoa taarifa, alfajiri, wakati wa kukamua. Kila banda lilikuwa na mtu aliyehudhuria uzinduzi. Nilichokuta: kitambaa kimoja cha kufutia viwele vya ng'ombe wote, ndoo moja ya maji ambayo kufikia ng'ombe wa tatu imekuwa ya kijivu, na mikono isiyooshwa kati ya ng'ombe na ng'ombe. Kwenye banda la mzee aliyejibu maswali yangu vizuri kuliko wote siku ile, hali ilikuwa hiyo hiyo. Nilipomwonyesha kitambaa, akashangaa kwa dhati. Hajakamua kwa miaka mingi. Anayekamua ni mke wake na kijana wa kazi, na wote wawili walikuwa bandani wakati mimi natoa somo la usafi wa kukamua.

Kosa ni langu. Mkutano niliupanga saa nne asubuhi kwa sababu ndiyo saa inayowafaa wageni. Nikawapata wenye mali, nikawakosa wenye mikono.

Wiki ya 3

Mpango mpya. Tunaacha mikutano, tunakwenda kwenye shamba darasa. Utaratibu huu ulianzia kwenye mashamba ya mpunga Indonesia mwaka 1989, wakulima walipokuwa wakifunzwa kupambana na wadudu waharibifu kwa kuwachunguza wenyewe shambani badala ya kuhubiriwa. Baadaye ukaingia kwenye mifugo. Kikundi kidogo, banda moja, wanyama walewale wanafuatiliwa kwa msimu mzima. Mwalimu anaongea kidogo. Hilo la mwisho ndilo litakalonipa shida.

Sharti nililoongeza mimi: kila kaya ilete mtu anayemgusa mnyama kila siku. Mwenye ng'ombe anakaribishwa, ila nafasi si yake kwa kuwa tu ng'ombe ni wake. Wazee wawili walinuna. Mmoja aliondoka, akamtuma mkwe wake, na sasa huyo mkwe ndiye anayeuliza maswali magumu.

Msimamizi wa mradi hajafurahi. Kutoka ukumbi mzima hadi watu ishirini na kitu. Kwenye jedwali inaonekana tumeanguka.

Wiki ya 4

Mvua. Hakuna somo. Nimeosha vifaa.

Wiki ya 5

Tumeanza na CMT, kipimo cha kugundua ugonjwa wa kiwele uliojificha. Ni kibao cha plastiki chenye vikombe vinne vya kina kifupi, kimoja kwa kila chuchu. Unatupa mikamuo ya kwanza, unakamua kidogo kwenye kila kikombe, unainamisha kibao ziada imwagike, unatia dawa kiasi kilekile cha maziwa, halafu unakizungusha polepole. Dawa yenyewe kimsingi ni sabuni. Inapasua seli zilizokimbilia kwenye kiwele kupambana na vijidudu, na vinasaba vinavyomwagika kutoka humo ndivyo vinavyoyafanya maziwa yavutane. Kiwele kizima, maziwa yanabaki majimaji. Kiwele chenye ugonjwa uliojificha, yanakuwa ute.

Mama mwenye banda alisema mapema, ili tusipoteze muda, "Huyu wangu hana kitu, daktari. Maziwa meupe, kiwele laini, anakula vizuri."

Vikombe vitatu vilibaki kama vilivyo. Cha nne, chuchu ya nyuma kushoto, kilianza kuvuta. Kwanza nyuzi nyembamba chini ya kikombe, halafu bonge lililokusanyika katikati na kuinuka kidogo kila kibao kilipozunguka, kama ute wa yai bichi. Hakuna aliyesema neno. Mama akaninyang'anya kibao, akakizungusha mwenyewe, akakileta karibu na macho. Kisha akauliza, "Na yule anayekamuliwa baada yake?"

Swali hilo lina somo zima la wiki ya 1 ndani yake. Nilikuwa nimelisema kwa maneno mengi na halikuingia. Tukamleta ng'ombe wa pili, anayefutwa kwa kitambaa kilekile. Vikombe viwili vikavuta ute.

Kwa hiyo wamepanga wenyewe: wazima wanakamuliwa kwanza, wenye ute mwisho, kila mmoja na kitambaa chake, chuchu zinachovywa kwenye dawa ya ayodini mara baada ya kukamua. Nikaongeza moja tu, kwamba tundu la chuchu hukaa wazi kama nusu saa baada ya kukamua, kwa hiyo ng'ombe apewe majani wakati huo ili asimame, asilale kwenye tope chuchu zikiwa wazi.

Yule kijana wa mlangoni sasa ni mwanakikundi. Tulipomaliza alinifuata nyuma ya banda na kusema ile chuchu ya nyuma kushoto aliijua tangu siku nyingi. "Ni nzito mkononi. Inatoa, lakini siyo kama zamani." Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akaniambia hakuna aliyewahi kumuuliza.

Wiki ya 6

Kupe. Nilijiandaa kueleza mzunguko wa maisha ya kupe kwa michoro. Michoro haikutoka kwenye begi.

Tulipofika, mwenyeji wetu, mzee wa heshima, baada ya shikamoo na marahaba alikuja na neno moja: "Dawa za siku hizi ni maji tu, mwanangu. Nimebadilisha mara tatu. Kupe wako palepale." Na kweli walikuwepo, ndani ya masikio na chini ya mkia, wengine wamevimba kama punje za mahindi. Nikamwomba aogeshe kama anavyoogesha siku zote, sisi tutazame.

Akajaza bomba la kunyunyizia, lita 20. Akachukua kizibo cha soda kilichofungwa kwa uzi kwenye mpini, akapima vizibo vitatu vya dawa, akakoroga kwa kijiti. Mkono wake ulikuwa wa uhakika kabisa. Ni kazi aliyoifanya mara mamia.

Nilitoa bomba la sindano, nikaomba mjukuu wake ajaze kizibo kile maji na kuyavuta. Mililita 6. Vizibo vitatu ni 18. Tukamwomba mjukuu huyohuyo asome lebo, kwa sababu maandishi yake ni madogo kama miguu ya sisimizi na babu haoni. Dawa ilikuwa ya amitrazi, asilimia 12.5: mililita 2 kwa kila lita ya maji. Mzee akachuchumaa, akapiga hesabu mwenyewe chini kwa kijiti. Mbili mara ishirini. Arobaini.

Akakaa pale chini muda kidogo. Halafu akasema, "Kumbe miaka yote hii nilikuwa nawaogesha kupe, siwaui." Watu wakacheka, na yeye akacheka, nami nikashukuru kwamba alilisema yeye.

Ubaya wa nusu dozi hauishii kwenye pesa. Kupe dhaifu wanakufa, wale wenye uwezo wa kuvumilia dawa wanabaki, na hao ndio wanaotaga. Ukiendelea hivyo unajichagulia mbegu ya kupe sugu kwa mikono yako. Na ukikimbilia kubadilisha dawa kabla ya kurekebisha kipimo, utaiharibu na hiyo mpya.

Tumepata kikombe cha dawa chenye mistari, tukachora mstari mwekundu kwenye 40. Tumekubaliana pia pa kuanzia kunyunyizia: masikioni, chini ya mkia, kwapani, kinenani, katikati ya kwato, mgongo mwisho. Wengi huanza na mgongo kwa sababu ndio ulio karibu, na dawa inaishia hapo.

Neno la pembeni kuhusu mimi mwenyewe. Kwa miaka nimewaambia wafugaji "fuateni maelekezo ya lebo". Sijawahi hata mara moja kumuuliza mfugaji kama anaweza kuisoma hiyo lebo.

Wiki ya 7 na ya 8

Kupe tena, mabanda mengine. Vizibo viwili zaidi, kopo moja la sigara, na mmoja anayepima kwa "mlio": anahesabu dawa inavyodunda kutoka kwenye chupa. Huyo alikuwa karibu sana na kipimo sahihi, sijui nimweke kundi gani.

Wiki ya 9

Wiki mbaya. Chanjo ya kideri, au mdondo kama wengine wanavyouita. Tulitumia I-2, chanjo iliyotengenezwa Australia kwa kuku wa vijijini, inayostahimili joto kuliko chanjo nyingi. Tone moja jichoni, basi, na kurudia kila baada ya miezi minne. Siku ilikwenda haraka na nilijivunia kasi hiyo.

Siku ya nne simu zikaanza. Kuku wamesinzia, wanaharisha kijani, shingo zinapinda, wanakufa. Kufikia jioni neno lilikuwa limeshaenea kwamba chanjo yetu ndiyo inayoua.

Kisayansi maelezo ni mepesi. Virusi hukaa ndani ya kuku siku 2 hadi 15 kabla ya dalili kuonekana, mara nyingi siku tano au sita. Ugonjwa ulikuwa umeshaingia tulipofika, na chanjo haitibu aliyekwisha kuambukizwa. Lakini mwambie hivyo mama aliyeshika kuku mfu kwa miguu, anayekumbuka kwamba siku nne zilizopita kuku yule alikuwa akikimbia na wewe ndiye uliyemshika.

Halafu kuna sehemu yangu. Kabla ya kufungua chupa nilipaswa kuuliza nyumba kwa nyumba: kuna kuku aliyekufa wiki hii? Kuna aliyeletwa kutoka mnadani? Sikuuliza. Ningeuliza, ningejua mtaa wa juu kuku walikuwa wameanza kupungua siku mbili kabla. Na huenda mikono yetu wenyewe, ikitoka kuku hadi kuku na banda hadi banda, iliusogeza ugonjwa.

Nimekwenda kila nyumba iliyopoteza kuku. Nilianza kwa kuomba radhi, maelezo baadaye. Nyumba mbili hazikunifungulia.

Wiki ya 11

Nilidhani kikundi kitavunjika. Kilikutana bila mimi. Waliponiita walikuwa na pendekezo: kila upande wa kijiji uwe na mtu mmoja wa kupokea habari za kuku wanaosinzia au kufa, na hakuna chanjo inayofunguliwa kabla watu hao hawajasema upande wao ni salama. Pia wanataka wawili kati yao wajifunze kutia matone, ili wasinisubiri miezi minne ikipita.

Mwenzangu wa ofisini alipinga. Kwake, anayechanja asiye na cheti ni hatari. Nimemkumbusha sotoka. Ugonjwa ule uliofagia ng'ombe karne kwa karne ulitangazwa kutokomezwa mwaka 2011, wa pili katika historia baada ya ndui ya binadamu, na katika maeneo ya mbali yasiyo na barabara wala jokofu, kazi ya mwisho ilifanywa na wafugaji wenyewe waliofunzwa kubeba chanjo isiyoharibiwa haraka na joto. Ni wafugaji hao pia waliowaelekeza wataalamu mahali ugonjwa ulipokuwa umejificha, kwa sababu walizijua dalili zake kuliko vitabu.

Hata hivyo sikubali kila kitu. Matone ya kuku, ndiyo. Sindano za antibayotiki, hapana. Mpaka huo nimeuweka wazi mbele ya wote, wakanung'unika, nikauacha pale.

Wiki ya 13

Minyoo ya mbuzi na kondoo. Tumetumia kadi ya rangi ya FAMACHA, iliyobuniwa Afrika Kusini. Unafunua kope ya chini, unalinganisha na rangi tano, kuanzia nyekundu iliyokoza hadi nyeupe kama karatasi. Mnyoo wa tumbo ambaye kadi inamtambua ni yule mnyonya damu, kwa hiyo weupe wa kope ni upungufu wa damu. Wenye rangi ya 4 na ya 5 wanapewa dawa. Wa 1 na wa 2 wanaachwa.

Kufunua kope walijifunza kwa dakika kumi. Kuacha ndiko kulikoshindikana. "Dawa ninayo mkononi, mbuzi ninaye mkononi, kwa nini nimwache?" Nikaeleza kwamba minyoo iliyo ndani ya mbuzi asiyetibiwa haijakutana na dawa, bado inakufa kirahisi, na ikizaliana na ile iliyosalimika baada ya dawa, usugu unadhoofika. Wote wakitibiwa, wanaobaki kuzaliana ni wale sugu tu. Wakanisikiliza kwa adabu. Wawili wamekwenda nyumbani na kutibu zizi zima.

Siwezi kuwalaumu. Nimewaomba waache mnyoo aliye hai kwa makusudi ndani ya mali yao, kwa faida itakayoonekana miaka ijayo. Mtu anayeiona kope nyeupe anaamini anachokiona. Usugu hauna kope ya kufunua. Nitatafuta njia nyingine ya kuuonyesha, pengine kwa kupima kinyesi kabla na baada ya dawa, mayai yahesabiwe mbele yao.

Kilichoingia vizuri: wasikisie uzito. Kila mmoja alikadiria uzito wa beberu mmoja, kisha tukampima kwa utepe wa kifuani. Makadirio yalitofautiana kiasi cha kuchekesha, karibu yote yakiwa chini. Sasa wanampima mkubwa wa kundi na kutoa dozi yake kwa wote wanaotibiwa walio karibu naye kwa uzito.

Wiki ya 15

Mama wa chuchu ya nyuma kushoto alileta malalamiko: maziwa yake hayagandi. Siku mbili, kianzio kipya, bado ni majimaji. Nikauliza kuna ng'ombe aliyetibiwa? Yupo. Mume wake alimtia mrija wa dawa kwenye chuchu, kama tulivyokubaliana, akaandika na tarehe kwenye daftari. Daftari likabaki chumbani. Kijana akakamua ng'ombe wote kama kawaida, akachanganya.

Bakteria wa mtindi wameuawa na antibayotiki ileile iliyokusudiwa bakteria wa kiwele. Sijawahi kupata kifaa bora cha kufundishia. Watu walipitishiana sufuria lile wakiliinamisha, maziwa yakienda huku na huku. Wakauliza kama kuchemsha kunaiondoa dawa. Hakuiondoi. Ni kusubiri tu, siku zile zilizoandikwa kwenye lebo, na maziwa yote ya ng'ombe huyo katika siku hizo yasinywewe wala kuuzwa.

Suluhisho lilitoka kwa kijana. Daftari yeye halioni, ng'ombe anamwona. Kwa hiyo ng'ombe aliyetibiwa anafungwa kitambaa chekundu mguu wa nyuma, upande mkamuaji anapokaa, na hakifunguliwi hadi siku ziishe. Mabanda yote yamechukua utaratibu huo, hata yale ambayo sijayafikia.

Wiki ya 18

Saa saba usiku simu. Ni kijana. Mtamba amezaa, ndama dhaifu, hajasimama, bosi amesafiri.

Nikaanza na maswali yangu ya kawaida. Anapumua? Anapumua, nimemsafisha pua. Kitovu? Nimeshakitia ayodini. Nikafika kwenye dang'a, yale maziwa ya kwanza yenye kinga, nikajiandaa kueleza kwamba ndama wa ng'ombe huzaliwa bila kinga, kondo la nyuma haliipitishi, na utumbo wake hufunga mlango ndani ya siku moja. Akanikatiza kwa upole. "Nimemkamulia lita mbili, amenywa zote kwa chupa. Nataka kujua nimpe tena saa ngapi, na kama nimpe kwa nguvu akikataa."

Nikamwambia ajaribu tena baada ya saa nne au tano, afike kama lita nne kabla jua halijawa kali, asimmiminie kooni kwa nguvu maana yataingia mapafuni. Akashukuru, akakata. Asubuhi nilipofika ndama amesimama, miguu imetanuka, anasukuma ukuta kwa pua akitafuta chuchu.

Wiki ya 20

Ripoti. Fomu ina safu ya idadi ya waliofunzwa, wanaume, wanawake, vijana, na safu ya vipeperushi vilivyogawiwa. Nimejaza. Kisha nimeambatisha ukurasa wangu: kwa kila banda, kuna vitambaa vingapi? Dawa ya kuogeshea inapimwa kwa nini? Mkamuaji anajuaje ng'ombe aliyetibiwa? Majibu nimeyaandika kama nilivyoyakuta, pamoja na mabanda matatu ambayo kitambaa bado ni kimoja.

Ukurasa umerudishwa. Hauna pa kuingizwa kwenye mfumo. Nimeutuma tena.

Wiki ya 22

Ziara ya mwisho kabla ya mapumziko. Nilitaka kuchukua kibao cha CMT nikakitumie kwa kikundi cha pili kinachoanza wiki ijayo. Hakikuwepo kwa mwenyekiti. Kimezunguka banda hadi banda, na siku hiyo kilikuwa kwa yule mzee aliyeondoka kwa kununa wiki ya 3. Nilimkuta amekishika mwenyewe, mkwe wake anakamua.

Nikaomba kibao. Wakatazamana. Mkwe akasema wana ng'ombe sita wa kupima kesho alfajiri, na keshokutwa kinakwenda mtaa wa juu, kwa nyumba moja kati ya zile mbili ambazo hazikunifungulia.

Nimeagiza kingine.